Pikipiki Inayozima Asubuhi: Tutafute Ugonjwa Kabla ya Kumtafuta Mwizi

(Mazungumzo tuliyotoa kwenye siku ya mafunzo ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Tulipowauliza mngependa tuzungumze juu ya nini, wengi mlisema: pikipiki. Tena si ile iliyovunjika kabisa. Ni ile ambayo asubuhi unaipiga kiki mpaka mguu unauma, inawaka, inanguruma kidogo kama mzee mwenye kikohozi, halafu inazima. Unawasha tena, inazima tena. Ikikubali kubaki, inatetemeka na kurukaruka, na ukiachilia mafuta tu, imekufa. Saa nne jua likishapanda, pikipiki hiyo hiyo inakwenda vizuri, mpaka watu wanasema, "Si iko sawa? Huyu kijana ni mvivu tu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yametuleta hapa leo. Ugonjwa wa pikipiki ni jambo dogo, lakini unaweza kuvunja kikundi.

Kikundi kilichotaka kumfukuza kijana wao

Kuna kikundi kimoja tunachokijua huko Nyandarua, upande wa juu wenye baridi. Hatutakitaja jina. Akina mama na wazee wachache walichanga pesa kwa mzunguko muda mrefu, wakanunua pikipiki ya kubeba maziwa mpaka kituo cha kukusanyia. Ninyi mnaofuga mnajua: maziwa hayangoji mtu. Yakichelewa yanaanza kuchachuka, na yakipimwa yanarudishwa.

Basi pikipiki ikaanza kuzima asubuhi. Mara ya kwanza maziwa yalichelewa, watu wakavumilia. Mara ya tatu yalirudishwa, mikebe mizima, na kila mama akapata hasara yake. Wakaita fundi. Akabadilisha plagi. Wiki ile ile ikazima tena. Wakanunua betri mpya. Ikazima. Fundi mwingine akaifungua kabureta, akakaza hapa, akalegeza pale, akalipwa, akaenda zake.

Halafu mweka hazina akaangalia daftari lake akaona jambo lingine: petroli inayotumika imeongezeka, na safari ni zile zile. Watu wakaanza kunong'onezana. Eti kijana anauza petroli. Eti anazima pikipiki makusudi ili apate nafasi ya kuifyonza. Mkutano ukaitishwa, na katika ajenda kulikuwa na jambo moja tu: afukuzwe na alipe hasara.

Nasi tuna makosa yetu katika habari hii, na ni lazima tuyaseme. Kabla ya mkutano huo kikundi kilituita tuitazame pikipiki. Tulifika saa sita mchana. Tuliiwasha mara moja tu, ikawaka. Tukaizungusha uwanjani, tukasema, "Hatuoni shida." Tukanywa chai, tukaondoka. Neno letu hilo ndilo lililomtia kijana hatiani. Tulikwenda kumtazama mgonjwa wa asubuhi wakati wa mchana.

Mama yake kijana alitufuata ofisini akatuambia, "Ninyi ndio mmemmaliza mwanangu. Njooni mlale kwetu muone." Tulienda. Tulilala hapo, na saa kumi na moja asubuhi, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, tulikuwa tumesimama mbele ya pikipiki ile na tochi. Tutawaambia tulichokiona, lakini kwanza tuelewe kwa nini baridi inasumbua injini.

Kwa nini baridi?

Injini haichomi petroli kama maji yanavyomwagika. Inachoma mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Ili mchanganyiko uwake vizuri, kila kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 15 za hewa. Hewa ikizidi sana, moto haushiki. Petroli ikizidi sana, plagi inalowa na moshi unakuwa mweusi.

Sasa injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke upesi. Sehemu kubwa inaganda kama umande kwenye kuta za njia ya kuingilia. Kwa hiyo hata kama kabureta imetoa kiasi cha haki, kinachofika ndani ni kidogo. Ndiyo maana pikipiki ina choki. Ukiifunga choki, hewa inapunguzwa na petroli inazidi, basi hata ile inayogeuka mvuke inatosha kuwaka. Injini ikishapata joto, choki inafunguliwa.

Na injini inaponguruma ikiwa imesimama, haijapewa mafuta kwa mkono, haitumii njia kubwa ya petroli. Inatumia tundu dogo sana ndani ya kabureta, ambalo mafundi huliita jeti ndogo. Tundu hilo ni jembamba kama sindano ya kushonea nguo, au chini ya hapo. Chembe moja ya kutu kutoka kwenye tangi inatosha kuliziba nusu. Ndiyo sababu pikipiki inaweza kwenda vizuri barabarani na bado ikashindwa kusimama ikinguruma.

Kuanza na maswali

Daktari mwema hakudungi sindano kabla ya kukuuliza unaumwa wapi. Nasi tusishike spana kabla ya kumwuliza yule anayeiendesha kila siku. Maswali ni haya:

1. Inazima ikiwa baridi tu, au hata ikiwa moto?

2. Ukifunga choki inabaki ikiwaka? Ukiifungua inakufa, hata baada ya dakika tano? Hapo shida ni kwamba petroli inapungua au hewa ya wizi inaingia. Shikeni hilo sana.

3. Au choki inafanya mambo kuwa mabaya zaidi, na moshi ni mweusi wenye harufu ya petroli? Hapo petroli imezidi. Angalia filta ya hewa, na angalia kama choki yenyewe imekwama.

4. Inazima baada ya kwenda kidogo, halafu inawaka ukingoja? Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, basi kile kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kimeziba, na petroli haiwezi kushuka. Kisafishe.

5. Ilianza lini, na nani aliigusa kabla haijaanza?

Hatua kwa hatua, kuanzia isiyo na gharama

Kwanza, petroli. Zima tepu ya petroli, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, ukinge kwenye chupa safi ya kioo. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mstari. Ukiona maji au takataka nyekundu ya kutu, safisha tangi na kichujio cha tepu. Tena jihadharini na petroli ya chupa za kando ya barabara. Wako wanaoichanganya na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi, hasa asubuhi ya baridi. Mwaka 2018 serikali yetu iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili tamaa hiyo ipungue, lakini tamaa haiishi kwa ushuru. Jaribuni hivi: tone la petroli kwenye karatasi nyeupe hukauka upesi. Likiacha doa la mafuta lisiloisha, ulizeni maswali.

Pili, filta ya hewa. Itoe. Ikiwa ya karatasi na imejaa vumbi, ipigepige taratibu. Ikiwa imechakaa, badilisha. Ikiwa ya sponji, ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, itiwe oili kidogo na kukamuliwa. Usiendeshe bila filta hata siku moja, kwa maana vumbi la barabara zetu hula pistoni.

Tatu, plagi. Ifungue injini ikiwa imepoa, uisome. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi ya chungu, petroli imezidi au hewa imepungua. Nyeusi yenye utelezi wa oili, oili inapanda. Nyeupe sana, hewa imezidi. Nafasi ya ncha za plagi kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 0.6 hadi 0.8, lakini fuateni kitabu cha pikipiki yenu. Angalieni na kofia ya plagi na waya wake, maana umande wa asubuhi hupita kwenye ufa na kuiba cheche.

Nne, hewa ya wizi. Kati ya kabureta na injini kuna kipande cha mpira au cha chuma na gasketi yake. Kikipasuka, au nati zake zikilegea, hewa inaingia bila kupitia kabureta. Iwashe pikipiki, ikinguruma, tia maji ya sabuni kidogo kidogo kuzunguka kiungo hicho. Mngurumo ukibadilika, umempata mwizi. Msitumie petroli kwa kazi hii, hata kama fundi atawaambia ni haraka zaidi. Mtaungua.

Tano, jeti ndogo. Bakuli la kabureta likifunguliwa, jeti hutolewa kwa bisibisi inayoitosha sawasawa. Itazame ukiielekeza kwenye jua. Lazima uone duara safi la mwanga. Kama limeziba, iloweke kwenye petroli na kuipuliza kwa pampu. Usiichokoe kwa waya wa chuma. Jeti ni ya shaba laini. Ukilipanua tundu, umeiharibu.

Sita, marekebisho, na haya hufanywa injini ikiwa imepata joto. Iko skrubu ya mwendo na iko skrubu ya mchanganyiko. Kabla ya kugusa ile ya mchanganyiko, ikaze taratibu mpaka ikae, ukihesabu mizunguko, na uiandike. Hapo hata ukikosea utajua njia ya kurudi. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake ni laini. Kwa kawaida huwa imefunguliwa mzunguko mmoja na nusu hadi miwili na nusu. Ifungue kidogo kidogo, ukisikiliza, mpaka injini inguruma kwa kasi na bila kurukaruka, kisha rudisha mwendo kwa ile skrubu nyingine. Pikipiki nyingi za sisi 125 au 150 hupumzika vizuri kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika.

Saba, valvu. Hizi hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa kipimo cha mabamba membamba. Valvu ikibana sana haifungi vizuri, nguvu ya kushindilia inatoroka, na pikipiki inakataa asubuhi. Kama hamna kipimo, mwachieni fundi mwaminifu.

Kwa wenzetu wa sehemu za juu kama Kinangop au Molo, jueni pia kwamba hewa ya kwenu ni nyepesi. Kwenye mita 2,400 hewa ni pungufu karibu robo kuliko ya Mombasa. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa pwani ikiletwa kwenu itakuwa inakula petroli kupita kiasi na kutoa masizi. Si mbovu, inataka kurekebishwa pale inapofanyia kazi.

Na ikiwa pikipiki yenu ni ya aina mpya isiyo na kabureta wala choki, ile yenye kompyuta ndogo ya kupima petroli, hatua za petroli, filta, plagi, hewa ya wizi na valvu ni zile zile. Lakini mtungi wa kupuliza petroli na waya zake msiuchokoe. Ikiwasha taa ya onyo, mpelekeeni fundi mwenye kifaa cha kuisoma.

Tulichokiona saa kumi na moja asubuhi

Turudi Nyandarua. Kijana alifunga choki, akapiga kiki mara tatu, ikawaka. Akafungua choki kidogo, ikaanza kurukaruka. Akaifungua yote, ikafa. Alirudia mbele yetu mara tano, mikono ikimtetemeka, na hakuwa akitetemeka kwa baridi tu.

Tulitoa plagi. Nyeusi kavu. Yule fundi wa pili aliiona hivyo hivyo akasema petroli imezidi, akaikaza skrubu ya mchanganyiko. Katika kabureta ile, kuikaza ni kupunguza petroli. Lakini mbona choki, inayoongeza petroli, ndiyo inayoiokoa? Ushahidi mbili ulikuwa unapingana.

Hapo tukamwuliza kijana swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: "Ukiwa njiani, choki yako iko wapi?"

Alinyamaza. Akamtazama mama yake. Halafu akasema, "Naiacha nusu. Mpaka kituoni. Nikiifungua itazima na maziwa, na mimi ndiye nitaulizwa. Na nikifika siizimi. Naiacha ikinguruma nikiwa kwenye foleni."

Basi mambo yote yakafunguka. Masizi ya plagi yalikuwa ya choki iliyoachwa nusu njia nzima. Petroli iliyopotea ilipita hapo hapo, kwenye choki na kwenye foleni. Hakuna aliyeifyonza.

Tulitia maji ya sabuni kwenye ule mpira kati ya kabureta na injini. Mngurumo ukabadilika mara moja. Tulipoukunja, tukaona ufa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Asubuhi mpira ukiwa mgumu kwa baridi, ufa ulikuwa wazi. Mchana mpira ukilainika kwa joto la injini, ulijifunga kidogo, na wageni kama sisi tunakuja na kusema hatuoni shida. Tena jeti ndogo ilikuwa imeziba nusu kwa kutu ya tangi. Tulibadilisha mpira, tukasafisha jeti na tangi, tukairudisha skrubu mahali pake. Ukilinganisha na betri waliyonunua bila sababu, mpira ule ulikuwa wa bei ndogo sana.

Kesho yake iliwaka kwa kiki ya pili. Dakika mbili baadaye choki ilifunguliwa yote, nayo ikabaki ikinguruma sawasawa.

Mkutano ulifanyika kama ulivyopangwa, ila ajenda ilibadilika. Tulisimama sisi kwanza tukaomba radhi kwa neno letu la ile saa sita. Mweka hazina naye alisimama. Hakusema mengi. Alisema, "Daftari langu lilikuwa kweli, lakini nililisoma vibaya." Kijana angali akibeba maziwa. Mama yake hajatusamehe kabisa, na hatumlaumu.

Mambo ya kushika

Msiwashe pikipiki ndani ya nyumba au stoo iliyofungwa ili ipate joto. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Msifanye kazi ya petroli karibu na sigara, mshumaa au jiko. Msifyonze petroli kwa mdomo.

Msiache choki imefungwa njia nzima. Petroli inayozidi huosha oili kwenye kuta za silinda, na injini inazeeka mapema. Dakika moja au mbili zinatosha, kisha uondoke pole pole bila kupiga resi.

Kila kikundi kiwe na daftari la pikipiki, mbali na lile la pesa. Andikeni tarehe, petroli iliyotiwa, kitu kilichobadilishwa, nani alikibadilisha, na dereva aliona nini asubuhi hiyo. Na fundi abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha kijaribiwe. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja, hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Tena, mpeni dereva nafasi ya kusema ukweli bila kuogopa. Yule kijana alijua jibu la fumbo lote tangu mwanzo, ila hakujua kwamba ni jibu. Alidhani ni kosa lake, akalificha.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Pikipiki, mashine ya kusaga au pampu yetu ilipoharibika mara ya mwisho, tulianza kwa kuuliza au kwa kununua?

2. Je, mwenye kuishika kila siku aliulizwa? Alijibu kwa uhuru?

3. Nani kati yetu atashika daftari la pikipiki kuanzia wiki hii?

4. Je, kuna mtu tuliyemhukumu kwa hasara ambayo hatukuichunguza? Tufanye nini juu yake?

Nje tumeleta kabureta kuukuu na jeti zake. Njoni mzitazame kwenye jua, nanyi akina mama msibaki nyuma, kwa maana pesa ni zenu pia.